Mzee hatetemeki tena, mbona hali yake inazidi kuwa mbaya?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa zahanati mkoani Kilimanjaro na huwa natembelea wagonjwa majumbani. Nina mzee wa miaka 71 mwenye ugonjwa wa Parkinson, huu ni mwaka wa sita. Anatumia levodopa yenye karbidopa mara tatu kwa siku, benzheksoli asubuhi na jioni, na amlodipini ya presha. Mikono imetulia, na kila akienda kliniki anaambiwa anaendelea vizuri. Lakini nyumbani hapati choo siku tano hadi sita, usiku anapiga kelele na kurusha mateke, akisimama anapepesuka na ameshaanguka mara mbili, udenda unamtoka, na hataki kuongea na mtu. Wiki iliyopita ameanza kuona watoto wamekaa pembeni ya kitanda chake. Wanawe wanasema amerogwa. Je, yote haya ni Parkinson? Na mimi niliye muuguzi nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, Sista. Pole na kazi, na umfikishie mzee pole zangu.

Ndiyo, karibu yote uliyoandika yanatoka kwenye Parkinson, na mengine yanachochewa na dawa anazotumia. Kliniki haimdanganyi inapomwambia mikono imetulia. Tatizo ni kwamba inaangalia mikono peke yake. Mzee akiingia kwa daktari anaambiwa anyooshe mikono, agonganishe vidole, atembee hatua chache, kisha anaandikiwa dawa za miezi miwili na mlango unafunguliwa kwa mwingine. Hakuna anayemuuliza mara ya mwisho alipata choo lini. Yeye naye hasemi, kwa sababu hajui kwamba choo kigumu na kutetemeka ni ndugu wa tumbo moja.

Kasoro hii ina historia. James Parkinson, tabibu wa London aliyeuelezea ugonjwa huu mwaka 1817, aliandika habari za wagonjwa sita tu, na baadhi yao aliwaona barabarani. Jicho lake lilikuwa kali, maana aliandika kuhusu choo kigumu, usingizi unaokatika na mate yanayodondoka. Lakini aliandika pia kwamba akili na milango ya fahamu hubaki salama. Hapo alikosea, na sisi madaktari tukamfuata kwenye kosa hilo kwa miaka mingi huku yale aliyoyapatia tukiyaacha yapite.

Kinachotokea ni hiki. Protini iitwayo alfa-sinukleini hujikunja vibaya na kujirundika ndani ya seli za neva, na madonge yake tunayaita miili ya Lewy. Mwaka 2003 mtafiti wa ubongo Heiko Braak na wenzake kule Ujerumani walipendekeza kwamba kwa wagonjwa wengi madonge hayo huanzia kwenye shina la ubongo, upande wa chini, na kwenye neva za harufu, ndipo yapande taratibu hadi mahali panapotengenezwa dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Si kila mgonjwa hufuata njia hiyo, lakini maelezo haya yanasaidia kuelewa jambo ambalo wake wa wagonjwa hutusimulia kila siku. Muulize mama wa nyumba hiyo kama mumewe alikuwa anasikia harufu ya maziwa yakiungua jikoni miaka kumi iliyopita. Muulize alianza lini kupiga kelele usingizini. Mara nyingi utaambiwa mambo hayo yalikuwepo zamani, mkono ukiwa bado haujatikisika hata kidogo.

Levodopa inarudisha dopamini. Lakini ugonjwa umegusa pia neva za utumbo, za kibofu, za mishipa ya damu, na sehemu za ubongo zinazotumia kemikali nyingine kabisa. Kwa hiyo mikono inaweza kutulia wakati tumbo, usingizi na moyo wa mtu vinaendelea kuharibika. Jambo hili ndilo ninalotaka ulibebe: dalili zisizo za mwendo hazingoji mgonjwa azitaje, ni lazima uziulize moja moja. Na kabla hujaomba dawa ya kuongeza, ziangalie kwanza zile alizo nazo.

Nianze na wale watoto wa pembeni ya kitanda, kwa kuwa ndio wenye haraka.

Maruweruwe ya aina hii, ya kuona watu wadogo, wanyama au mtu anayepita kwa pembeni ya jicho, ni ya kawaida katika Parkinson iliyokwenda miaka kadhaa. Swali lako la kwanza liwe: yamekuja taratibu au yamekuja ghafla? Yakija ndani ya siku chache, na hasa kama mzee anasinzia mchana, anachanganya siku, au leo yuko sawa na kesho hayuko sawa, usiseme ni Parkinson mpaka utafute kitu kingine. Pima joto. Pima malaria. Pima mkojo, maana maambukizi ya njia ya mkojo kwa wazee huweza kuja bila homa na bila kulalamika maumivu, dalili ikawa kuchanganyikiwa tu. Sikiliza mapafu. Bana ngozi uone kama amekaukiwa maji. Kandamiza tumbo la chini usikie kama kibofu kimejaa. Na hizo siku sita bila choo nazo zihesabu kama sababu, kwa sababu choo kilichojaa kinaweza kumchanganya mzee na pia kinazuia levodopa kufyonzwa vizuri.

Kisha njoo kwenye benzheksoli, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane. Sista, hapa nasimama. Dawa hii inapatikana kwa urahisi kwenye vituo vyetu na bei yake ni nafuu, kwa hiyo wazee wengi wamewekwa juu yake. Inasaidia kutetemeka. Lakini inafanya kazi kwa kuzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo wa mzee mwenye Parkinson tayari unaikosa, na kemikali hiyohiyo ndiyo inayosukuma utumbo na kubana kibofu. Sasa soma tena barua yako: anaona visivyokuwepo, hapati choo, na pengine hata kumbukumbu imepungua. Kwa mtu aliyevuka miaka 70 mimi simwanzishii benzheksoli kabisa, na nikimkuta nayo huanza kuipunguza. Usiikatishe siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na daktari wake lazima akubali. Kazi yako ni kuandika kwenye cheti chake kwa herufi zinazosomeka: ameanza kuona watoto wasiokuwepo, hapati choo kwa siku sita, anatumia benzheksoli mara mbili kwa siku, tafadhali angalia kama inaweza kupunguzwa na kuachwa. Daktari mwenye foleni ya wagonjwa arobaini atashukuru kwa mistari hiyo miwili.

Kama maambukizi yametibiwa, choo kimetoka na benzheksoli imeachwa lakini maruweruwe yamebaki, daktari atatazama dawa nyingine za Parkinson, akiigusa levodopa mwisho. Zipo pia dawa za kutuliza ambazo wagonjwa hawa wanaweza kuzivumilia: kwetiapini kwa dozi ndogo, au klozapini pale ambapo damu inaweza kupimwa mara kwa mara. Rivastigmini husaidia baadhi ya wale ambao kumbukumbu imeguswa. Lakini zipo dawa ambazo hazitakiwi kumkaribia mzee huyu, na wewe muuguzi ndiye mlinzi wa lango: haloperidoli, klopromazini (Largactil), prokloperazini (Stemetil), prometazini (Phenergan), na metoklopramidi, ile tunayoizoea kama Plasil. Zote zinaziba njia za dopamini.

Niliwahi kuitwa wodini kumwona mama aliyelazwa kwa kutapika. Alikuwa ameingia akitembea kwa fimbo. Siku ya tatu nilimkuta amelala kama gogo, macho wazi, hawezi kumeza hata mate yake, na familia imekwisha kuambiwa ni kiharusi. Karatasi yake ilionyesha metoklopramidi kwa sindano mara tatu kwa siku tangu alipolazwa. Dawa yake ya Parkinson ilikuwa kwenye mfuko wa khanga chini ya kitanda, hakuna aliyempa. Tuliikatisha ile sindano, tukarudisha levodopa kwa mpira wa puani, na ilichukua zaidi ya wiki kumrudisha kwenye kukaa. Kwa kichefuchefu domperidoni ni afadhali, ikiwa moyo hauna tatizo, kwa sababu kwa kawaida hupenya kidogo sana kuingia kwenye ubongo. Na levodopa isikatishwe ghafla kwa sababu yoyote ile, awe amelazwa, anafunga, au dukani imeisha. Kuikata ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hilo. Iambie familia iwe na akiba ya wiki mbili wakati wote, na wasingoje kidonge cha mwisho ndipo watafute nauli.

Nyumbani, mzee akisema anawaona watoto, mke wake asibishane naye na asijifanye anawaona. Aseme tu, "Mimi siwaoni, lakini nipo hapa na wewe, hawawezi kukudhuru." Taa ndogo iwake usiku. Koti lililotundikwa ukutani liondolewe, kwa kuwa kwenye giza koti ni mtu. Wagonjwa wengine wanajua fika kwamba wanachokiona hakipo na wala hakiwatishi. Hao wakati mwingine hatuwapi dawa yoyote ya ziada.

Sasa presha. Ameanguka mara mbili, anapepesuka akisimama, na anakunywa amlodipini. Nikuulize: presha yake ilipimwa akiwa amekaa? Karibu kila mahali ndivyo inavyopimwa. Kwa mgonjwa wa Parkinson kipimo hicho kinaweza kukudanganya kabisa. Kesho nenda na mashine yako, mlaze chali kwa dakika tano, pima. Msimamishe ukiwa umemshika, mkanda ukiwa bado mkononi mwake, pima dakika ya kwanza, kisha pima tena dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikashuka kwa 10 au zaidi, umepata jibu: mishipa yake haibani inavyotakiwa anaposimama, damu inabaki miguuni na ubongo unakosa. Tuseme umempata 150/88 amelala na 112/70 dakika ya tatu amesimama. Daktari aliyemwona kwenye kiti anaona mtu wa presha. Wewe unaona mtu ambaye kila akienda chooni yuko hatarini kuvunjika nyonga.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimwongezea mgonjwa wa Parkinson dawa ya presha baada ya kumpima mara moja, amekaa, tena ametoka kupanda ngazi. Wiki mbili baadaye alianguka alfajiri akienda kutawadha, akavunjika nyonga, na hakutembea tena. Tangu siku hiyo simgusi mgonjwa wa Parkinson bila kumlaza na kumsimamisha.

Ukishapata namba zako, peleka kwa daktari ili amlodipini iangaliwe upya, na uulize pia kama kuna dawa ya tezi dume au amitriptilini, dawa ya sonona, mahali fulani, nazo hushusha. Wakati unangoja, yapo mengi ya kufanya bila duka la dawa. Asubuhi kabla ya kutoka kitandani anywe glasi mbili za maji, moja baada ya nyingine. Akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili akichezesha vifundo vya miguu, ndipo asimame. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iinuliwe kwa tofali moja kila upande, kwa kuwa wagonjwa hawa presha yao hupanda wakilala sawasawa na kuwafanya wakojoe sana usiku. Asile sahani kubwa ya ugali au wali kwa mkupuo mmoja, ale kidogo mara nyingi, maana damu hukimbilia tumboni baada ya mlo mzito. Asioge maji ya moto amesimama. Chumvi inaweza kuongezwa kidogo ikiwa moyo na figo ni vizima, lakini hilo aamue daktari. Zikishindikana hizo, zipo dawa za kupandisha presha ya kusimama, kama fludrokotizoni.

Choo kinahitaji utaratibu. Mzee wa aina hii anakunywa maji kidogo kwa kuogopa kwenda msalani kila mara, anatembea kidogo, anatafuna kwa shida, na utumbo wake wenyewe umepungua kasi. Panga naye maji ya siku nzima, yaishe mapema jioni ili usiku apumzike. Dona badala ya sembe, maharage yaliyoiva sana, mchicha, papai bivu, parachichi ambalo huko kwenu halikosekani. Aende chooni kila siku saa ileile, baada ya kifungua kinywa, hata kama hasikii haja. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, mzee hawezi kuchuchumaa na kuinuka salama. Fundi anaweza kumtengenezea kiti cha mbao chenye tundu kwa gharama ndogo, na kigoda cha kuwekea miguu ili magoti yapande. Lakini chakula peke yake mara nyingi hakitoshi, na usione aibu kumwombea dawa ya kulainisha choo, makrogoli au laktulosi, ya kila siku. Lengo ni apate choo walau kila baada ya siku mbili. Ukifika na kukuta siku ya sita, tumbo limejaa gesi, anatapika, huyo mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kuna kitu kimoja nataka ukifanye wewe mwenyewe kwa mkono wako, na ni saa. Chukua karatasi ya daftari, chora mistari, upande mmoja andika saa kuanzia kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na upande wa pili mke au mjukuu aandike kila saa: amekunywa dawa, amekula, anatetemeka, ana wasiwasi, anatoka jasho, ana maumivu, anatembea vizuri. Siku tatu tu.

Nilikuwa na mama mmoja ambaye kila siku kabla ya adhuhuri moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, akadai anakufa. Alipimwa moyo mara mbili, ukawa mzima. Watoto wake walisema ni hofu ya uzee. Karatasi ilipokuja, nikaona dozi yake ya kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi na ya pili ni saa nane mchana. Shida ilianza saa tano, ikaisha nusu saa baada ya dozi ya pili. Haikuwa moyo wala uzee. Dawa ilikuwa inaisha nguvu mwilini, na kwake upungufu ulijionyesha kwa hofu kabla ya kujionyesha kwa mikono. Tulisogeza dozi ya pili hadi saa nne na nusu, tukagawa upya dawa ileile katika siku, na zile hofu zikapungua sana. Maumivu ya bega, vidole vya mguu kujikunja kwa maumivu alfajiri, huzuni inayoingia na kutoka, haja ya mkojo ya ghafla, vyote vinaweza kufuata saa namna hiyo. Bila karatasi hutaona.

Karatasi itakuonyesha pia kama anameza levodopa pamoja na chakula. Protini ya nyama, maziwa, mayai na maharage hushindana na levodopa kwenye utumbo na mlangoni mwa ubongo. Watu wengi hunywa kidonge na chai ya maziwa na yai, halafu wanashangaa mbona hakifanyi kazi. Anywe na maji, nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Usimwachishe protini lakini, wagonjwa hawa wanakonda. Na kama anapewa vidonge vya madini ya chuma, visinywewe kwa pamoja na levodopa.

Kelele na mateke ya usiku: sote tukiota, mwili hufungwa usitembee. Kwa mzee huyu kifungo hicho kimelegea, kwa hiyo anaigiza ndoto yake. Anapigana na mbwa wa ndotoni na ngumi inamfikia mke wake. Majirani watasema jinamizi, wengine watasema majini yanamkaba. Mweleze mama kwamba mumewe hampigi kwa kukusudia, maana wapo wanawake waliobeba uchungu huo kimya miaka na miaka. Alale kitanda kingine. Godoro la mzee liwe chini au karibu na sakafu, meza yenye kona iondolewe, panga lisikae uvunguni. Melatonini husaidia ikipatikana. Klonazepamu kwa dozi ndogo sana nayo husaidia, ila kwa mtu anayeanguka na kuchanganyikiwa kama huyu ningesubiri.

Kimya chake kinaniumiza zaidi ya mateke. Uso wa Parkinson hukauka, hautabasamu, na sauti hupungua, kwa hiyo unaweza kumdhania ana huzuni kumbe hana, na unaweza pia kudhani ni uso tu kumbe moyoni amekata tamaa. Usikisie. Kaa naye peke yenu, bila watoto wake, umuulize: bado kuna kitu kinakufurahisha, Mzee? Umewahi kuona ni heri usingeamka? Kumuuliza hivyo hakumpi wazo baya, kunampa ruhusa ya kusema. Sonona katika Parkinson ni sehemu ya ugonjwa wenyewe na inatibika, kwa mazungumzo, kwa kumrudisha kwenye watu, na kwa dawa kama setralini. Amitriptilini, ambayo ndiyo iko karibu kwenye kabati, inashusha presha ya kusimama, inafunga choo na kuchanganya akili, yaani matatizo yaleyale aliyo nayo. Kuna pia hali nyingine ambayo si huzuni, mtu hana msukumo tu, hataki na wala haumii kwa kutotaka. Huyo hasaidiwi na dawa ya sonona, anasaidiwa na ratiba: saa nne anamwagilia migomba, saa kumi anakwenda kukaa kibarazani kwa jirani.

Udenda haumaanishi mate yameongezeka. Anameza mara chache. Akae wima, akumbushwe kumeza, atafune kitu au anyonye pipi akiwa macho. Lakini udenda ukiambatana na kukohoa anapokunywa maji, chukua tahadhari kubwa, maana homa ya mapafu inayotokana na chakula kuingia njia ya hewa ni miongoni mwa vinavyowaua wagonjwa hawa. Anywe kidogo kidogo, kidevu kikiwa kimeinama, uji uwe mzito, asilale kwa nusu saa baada ya kula.

Mengine nayapitia haraka. Muulize habari za mkojo, na uweke kopo karibu na kitanda. Muulize mambo ya chumbani, atajibu ukimuuliza kwa heshima na mlango umefungwa. Kama siku moja atawekwa kwenye dawa za Parkinson za kundi la pramipeksoli, iambie familia wachunge fedha, kwani zinaweza kumfanya mtu mtulivu aanze kubeti au kununua ovyo, na atakuwa wa mwisho kusema. Kama anatumia selejilini, dawa nyingine ya Parkinson, basi dawa za maumivu za pethidini na tramadoli ni hatari kwake. Ipo fomu ya maswali 30 ya ndiyo na hapana, ya mwaka 2006, iliyotengenezwa kwa ajili ya dalili hizi zisizo za mwendo. Ukiipata, msomee kwa Kiswahili chenu mkiwa mmekaa kivulini. Maswali hayo huchukua muda mfupi kuliko chai.

Kuhusu wanawe. Unaandika kutoka mkoa ambao utafiti wa nyumba kwa nyumba ulifanyika, wilayani Hai, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Katika watu zaidi ya 160,000 walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson. Waliishi nayo kama uzee, au kama jambo walilotupiwa na watu. Kwa hiyo usiwacheke vijana hawa na usigombane nao. Waite wote, mke wa mzee akiwepo, uwaonyeshe ile karatasi ya saa na zile namba za presha. Mtu akiona kwa macho yake kwamba baba alipepesuka pale namba iliposhuka, huhitaji kumwambia mengi. Na uwaulize kwa upole kama mganga amempa kitu cha kunywa. Mbegu za upupu zina levodopa ya asili, nyingi tu, na zimetumika India tangu zamani na kuchunguzwa na watafiti wa leo. Lakini hakuna anayejua kijiko kimoja kina kiasi gani, na kijiko hicho juu ya vidonge vyake kinaweza kuwaleta wale watoto pembeni ya kitanda. Wakikwambia ukweli, washukuru, kisha uandike kwenye cheti.

Ratiba yako basi: kesho joto, malaria, mkojo, tumbo, na presha ya kulala na kusimama. Kesho hiyohiyo uwaachie karatasi ya saa. Baada ya siku tatu uende naye kliniki ukiwa na karatasi hiyo mkononi, mkazungumzie benzheksoli na amlodipini kabla ya kitu kingine chochote. Akipata homa na mwili ukakakamaa, akishindwa kumeza, akianguka na kugonga kichwa, au akianza kuwaogopa wale watoto na kutaka kutoka usiku, usingoje hizo siku tatu.

Niandikie ukishampima. Nitumie namba zote mbili za presha, na saa anazokunywa kila kidonge.